KULENGA SI KUFUMA
Roosevelt, bunduki yake ya wenzo na mto upitao Gotu

Kulenga si kufuma, wahenga wetu walinena, na wala hawakukusudia mishale peke yake. Mtu aweza kuwa na mkono mtulivu na silaha ya thamani, na bado asilipate alilolikusudia. Leo nimependa niwasimulie wasomaji wangu maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyelenga mambo mengi duniani, akayafuma mengi na mengine akayakosa. Naye ni Theodore Roosevelt, Rais wa 26 wa Marekani, aliyeshuka bandarini Mombasa mwaka 1909, akaenda bara hata akaufikia mto Uaso Nyiro, mto uo huo upitao Gotu huko Isiolo.

Habari zake zimeandikwa sana, na wengi wenu mmezisikia: simba, tembo, picha zake akiwa na kofia pana na masharubu. Mimi nitazishika kwa upande mwingine. Nitazishika kwa vyuma viwili vidogo vilivyokaa juu ya mtutu wa bunduki yake, kila kimoja si kikubwa kuliko ukucha wa kidole gumba. Vyuma hivyo vilimsumbua kabla ya safari, naye hakukubali kuondoka hata vikanyooshwa. Katika namna alivyovishughulikia mna kipimo cha kuyapimia maisha yake yote, na nadhani mwenyewe hakuwahi kukitumia kipimo hicho juu ya nafsi yake.

MTOTO ASIYEONA MBALI

Alizaliwa mjini New York tarehe 27 Oktoba, 1858, katika nyumba ya tajiri. Mali haikumzuilia maradhi. Alikuwa na pumu kali, akikesha usiku amekalishwa kitandani akitafuta pumzi. Alikuwa na upungufu mwingine ambao yeye wala wazazi wake hawakuujua: hakuwa akiona mbali.

Jambo hili lilifunuliwa na bunduki. Alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi alipewa bunduki yake ya kwanza, akaenda na wenzake kuwinda ndege. Wenzake walilenga na kupiga, naye akistaajabu wanapiga nini, maana hakuona kitu. Siku moja wakasoma kwa sauti maandishi makubwa yaliyobandikwa mbali, naye akatambua kwamba, licha ya kutoweza kusoma maandishi hayo, hata herufi zenyewe hakuziona. Akamwambia baba yake, akanunuliwa miwani, na ulimwengu ukamfungukia. Angekuwa mtoto wa chuoni kwetu, pengine mwalimu angalimchapa miaka kwa kumdhania mzembe, kumbe juzuu yenyewe haioni.

Tangu siku hiyo Roosevelt alijua jambo ambalo wawindaji wengi hulijifunza uzeeni, ya kuwa risasi ikikosa, kosa laweza kuwa la mkono, laweza kuwa la bunduki, na laweza kuwa la jicho. Asiyetofautisha matatu haya atatengeneza kisichoharibika.

Miaka yake ya katikati nitaipita upesi. Alisoma Chuo Kikuu cha Harvard, akaingia siasa akiwa kijana. Tarehe 14 Februari, 1884, mama yake na mkewe walikufa siku moja katika nyumba moja, na mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku mbili tu kabla. Alikwenda kuizika huzuni yake Dakota, huko magharibi, akafuga ng'ombe na kuwinda kwa bunduki za Winchester. Alirudi, akaoa tena, akapigana Kuba mwaka 1898 na kurejea shujaa, akawa Gavana wa New York kisha Makamu wa Rais. Tarehe 14 Septemba, 1901, Rais William McKinley alipokufa kwa majeraha ya risasi, Roosevelt akashika nchi akiwa na miaka 42, umri ambao hakuna rais wa Marekani kabla yake wala baada yake aliyeushika urais akiwa nao au chini yake. Alihifadhi misitu na wanyama kuliko waliomtangulia, na mwaka 1906 akapewa tuzo ya Nobel ya amani kwa kuwasuluhisha Warusi na Wajapani.

Lakini humo humo Ikulu alipatwa na msiba mwingine wa macho. Alipenda ngumi, akicheza na maofisa vijana wa jeshi. Mmoja wao alimpiga ngumi iliyoumiza jicho la kushoto, na nuru yake ikafifia hata ikapotea. Akaificha siri hiyo kwa miaka. Kwa hivyo mtu aliyekuja kwetu kuwinda simba na vifaru alikuwa na jicho moja tu la kutegemea, nalo likihitaji miwani.

BUNDUKI YA WENZO

Alichukua bunduki kubwa tatu. Moja ilikuwa ya midomo miwili, ya mafundi Holland wa London, zawadi ya Waingereza waliomheshimu kwa kuhifadhi wanyama. Ya pili ni Springfield ya jeshi la nchi yake, aliyotengenezewa kitako na vilengeo vya kumfaa mwenyewe. Ya tatu ndiyo niitakayo: Winchester ya mwaka 1895, iliyobuniwa na fundi John Browning wa Utah.

Hii ni bunduki ya wenzo. Chini yake, mahali pa kidole cha kufyatulia, pana mkono wa chuma uliopindwa kama pete ndefu. Ukiusukuma mbele na chini, ganda lililokwisha hutupwa nje. Ukiuvuta juu, risasi mpya huingia mahali pake. Risasi aliyoipenda ilitolewa mwaka 1904, nene kupita milimita 10 na yenye uzito wa gramu 19 hivi. Kwa simba aliiona kuwa ni dawa. Wala hakuwa mtu asiyeamini hirizi, kwani mfukoni alichukua mguu wa sungura uliopambwa kwa dhahabu, aliopewa na bingwa wa ngumi John L. Sullivan.

Mwishoni mwa 1908, alipokuwa bado Rais, alikuwa akiandikiana na kiwanda cha Winchester mjini New Haven juu ya bunduki hizo. Alikuwa amewapelekea bunduki yake ya zamani kuwa mfano. Zilipofika zile mpya, vilengeo havikuwa kama alivyoagiza, wala kitako hakikumkaa. Mkuu wa dola, mwenye mambo ya nchi nzima mezani, aliketi akaandika barua ya hasira juu ya vyuma viwili, na bunduki zikarudishwa.

Msomaji asidhani ni ukaidi wa mtu mkubwa. Bunduki yake hiyo haikuwa na darubini. Ilikuwa na kilengeo cha mbele, yaani kijiti kifupi cha chuma kilichosimama karibu na mdomo wa mtutu, na kilengeo cha nyuma, yaani kibao kidogo chenye mwanya, karibu na jicho. Mwindaji hukitia kile kijiti katikati ya ule mwanya, akaviweka vyote viwili juu ya mnyama. Mambo matatu yako mbali mbalimbali, na jicho ni moja. Kwa mwenye macho mawili mazima ni kazi. Kwa mwenye jicho moja na miwani, mwanya usiomfaa ni sawa na upofu. Na kitako kikiwa kirefu au kifupi kuliko shingo na bega la mtu, jicho halishuki mahali pake, hata chuma kiwe kimenyooka namna gani.

CHUMA AU MTU?

Na hapa niruhusiwe kueleza jinsi bunduki iliyopotoka inavyochunguzwa, kwani ndimo ilimo maana ya makala haya.

Mwenye busara haanzi kwa nyundo. Kwanza huitoa risasi zote, akaikagua: je, parafujo zimelegea kwa mtikiso wa njia? Je, kijiti cha mbele kimesimama wima, au kimegongwa kikainama? Kisha huchukua risasi za namna moja, kwa sababu risasi nzito na nyepesi hazianguki pamoja. Huilaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga ili mkono usitie fitina yake, akapiga shabaha ya karibu, hatua 25 hivi, mara tatu au tano, akilenga pale pale. Haigusi bunduki baada ya risasi moja. Risasi moja haina ushuhuda.

Baada ya hapo huyasoma matundu. Yakiwa yametawanyika huku na huku, moja juu, moja chini, moja kando, basi kosa ni la mtu: anashtuka kabla ya mlio, au anavuta kwa pupa, au pengine risasi zenyewe ni mbovu. Lakini matundu yakikusanyika pamoja, yote upande mmoja, mbali na alipolenga, basi mkono hauna lawama. Kilichopotoka ni kilengeo.

Hapo ndipo nyundo ndogo na kipande cha shaba hutumika, kukisogeza chuma katika kijifereji chake kwa kugonga taratibu. Kanuni yake ni hii: kilengeo cha nyuma husogezwa upande ule unaotaka risasi iende, na cha mbele kinyume chake. Risasi zikianguka kushoto, cha nyuma kisogezwe kulia, au cha mbele kisogezwe kushoto. Zikianguka chini, cha nyuma kipandishwe, au cha mbele kipunguzwe kwa tupa. Lakini tupa ina hatari yake, kwa maana chuma kilichosagwa hakirudi. Na kiasi chake ni kidogo cha kushangaza. Ikiwa kati ya vilengeo viwili mna nusu mita, na risasi imekwenda kombo sentimita 20 kwa shabaha iliyo mita 100, basi chuma hakidai zaidi ya milimita moja. Unene mdogo kama huo huamua kama simba atakufa pale pale au ataingia kichakani na jeraha, akiwangojea watu.

La mwisho ni mwanga. Jua likipiga kijiti cha mbele upande wa kulia, upande huo hung'aa na ule mwingine hufifia, na jicho hudhani kile king'aacho ndicho kijiti chote. Mtu hukiweka katikati ya mwanya, na risasi huenda kushoto. Jioni jua likigeuka, na risasi hugeuka. Asiyejua atazisogeza vyuma asubuhi na jioni, asipate raha milele.

WATU WA PWANI

Meli ya Kijerumani iitwayo Admiral ilitia nanga Mombasa tarehe 21 Aprili, 1909, mvua ikinyesha. Roosevelt alifuatana na mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19, na wataalamu watatu wa viumbe waliotumwa pamoja nao na jumba la makumbusho la Smithsonian la Washington. Wakapanda garimoshi, naye akakaa kwenye ubao uliofungwa mbele ya injini ili atazame wanyama. Huko Kapiti msafara ulikuwa unawangojea: wapagazi zaidi ya 200, mahema, magunia ya chumvi ya kuhifadhia ngozi, na bendera kubwa ya Marekani ya kusimamishwa mbele ya hema lake. Kwa sisi tupendao vitabu, na tukumbuke kwamba mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa ni vitabu tu, vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili vistahimili jasho, damu na vumbi.

Wapagazi hao walimwita Bwana Mkubwa, naye akaliandika neno hilo Makuba. Kermit wakamwita Bwana Maridadi. Wengi wa watumishi wa karibu walikuwa watu wa dini yetu. Hemani alikuwapo Ali, mwenye damu ya Kiarabu. Wachukuzi wake wa bunduki wa kwanza walikuwa Muhamed na Bakari. Wa Kermit alikuwa Juma Yohari, Mswahili, pamoja na Kassitura, Mkristo wa Uganda. Baadaye alikuja Kongoni, Mkamba. Roosevelt ameyaandika majina haya katika kitabu chake cha safari, na kwa hilo astahili shukrani, maana wasafiri wengi kabla yake waliandika hesabu ya vichwa tu.

Mchukuzi wa bunduki hakuwa hamali. Yeye ndiye aliyeifuta mavumbi na kuipangusa umande, aliyejua parafujo ipi imelegea, aliyekabidhi bunduki ya pili wakati ya kwanza imekwisha na mnyama anakuja. Na zaidi ya hayo, ndiye aliyekuwa jicho. Roosevelt mwenyewe alikiri kuwa si mlengaji hodari, na kwamba watu hao waliona wanyama kabla yake. Kisha mnyama aliyeangushwa, mchukuzi Mwislamu ilimpasa akimbie na kisu kabla roho haijatoka, apate kumchinja ili nyama iwe halali kwa wenzake. Basi fikiri, msomaji: kilengeo kikipotoka kwa milimita moja, anayemkabili mnyama aliyejeruhiwa kwanza, mkononi ana kisu tu.

MTO UPITAO GOTU

Septemba 1909 aliteremka kutoka Meru hadi Uaso Nyiro ya kaskazini. Nasema ya kaskazini, kwa kuwa iko nyingine ya kusini, ambako pia aliwinda mwaka huo huo, na wasomaji wengi huzichanganya. Hii ya kaskazini hushuka kutoka nyanda za Laikipia na milima iliyo kandoni mwake, ikapita penye Archer's Post, ikapita Gotu, ikaenda kujimwaga na kupotea katika kinamasi cha Lorian. Watu wa pwani waliijua kabla ya Roosevelt. Mwaka 1893 Mmarekani mwingine, William Astor Chanler, aliufuata mto huu na wapagazi wa Unguja na Mrima hadi Lorian, akakuta kwamba ziwa alilosimuliwa ni tope na mafunjo. Maporomoko yaliyo chini ya Gotu yaitwa kwa jina lake hadi leo. Ya wapagazi waliomfikisha hapo hayakuandikwa juu ya jiwe lolote.

Mimi niliwahi kwenda Gotu kwa lori la mifugo, nikitaka kuona mahali ambapo mababu wa pwani walikanyaga na mizigo vichwani. Nilikuta maji ya rangi ya kahawa yakipita kwa ghadhabu katika mwamba mweusi, mikoma imesimama kandoni kama ile ya kwetu, na Waborana wakinywesha ngamia. Saa sita mchana nilitazama ng'ambo, nikaona mazigazi, ile sarabi tuliyosomeshwa chuoni: miti ikaelea, na ng'ombe mmoja akaonekana wawili, hana miguu. Nikasema moyoni, hapa hata mwenye macho mawili hajui kitu kiko mbali kiasi gani, seuze mwenye moja.

Katika nchi hiyo Roosevelt aliwapata wanyama asiowapata kusini: twiga wenye madoa yaliyochorwa kama nyavu za uvuvi, punda milia wakubwa wenye michirizi myembamba, choroa, na swala twiga wasimamao kwa miguu miwili kula majani. Nchi ni wazi, mnyama huona mbali, na ilimbidi apige kutoka mbali. Mara nyingi alikosa, naye hakuficha.

Safari ilipokwisha Khartoum, Machi 1910, yeye na Kermit walikuwa wameua wanyama wakubwa 512. Baba 296 na mwana 216. Miongoni mwao walikuwamo simba 17, tembo 11 na vifaru 20. Pamoja na ndege, panya na wadudu, vitu vilivyopelekwa makumbusho vilipita 11,000. Wataalamu wamevitumia kwa elimu mpaka leo. Lakini yule punda milia wa Uaso Nyiro amebaki kwa maelfu machache tu duniani, na Kenya yenyewe ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mimi sitamhukumu mtu wa 1909 kwa sheria ya 1977. Nataka kumhukumu kwa kanuni yake mwenyewe, ile ya matundu ya risasi.

MAGANDA YA BROWNSVILLE

Turudi nyuma miaka mitatu kabla ya safari. Usiku wa tarehe 13 Agosti, 1906, risasi zililia katika mji wa Brownsville, jimbo la Texas. Mtu mmoja aliuawa na askari polisi akajeruhiwa. Wazungu wa mji wakawasingizia askari weusi wa kikosi cha 25, waliokuwa wamefika ngomeni hapo karibuni. Maofisa wao wazungu wakasema askari walikuwa kambini. Ushahidi ulioshikwa ni maganda ya risasi za jeshi yaliyookotwa barabarani. Hakuna aliyekiri na hakuna aliyeshitakiwa mahakamani. Roosevelt akasema wote wanaficha, na kwa agizo lililotangazwa mara tu baada ya uchaguzi wa Novemba akawafukuza wote 167, bila heshima na bila haki ya malipo ya uzeeni. Wengine walikuwa wametumika zaidi ya miaka 20.

Seneta Joseph Foraker wa Ohio alisimama kuwatetea, akisema maganda yale hayatoshi kuwatia hatiani watu. Roosevelt hakurudi nyuma. Hata alipoandika kitabu cha maisha yake mwenyewe, jambo la Brownsville hakulitia.

Mtu atasema: ni risasi moja iliyokwenda kombo, na mwanadamu hukosa. Nami nakubali kwamba risasi moja haina ushuhuda. Nakumbuka pia kwamba Oktoba 1901 alimkaribisha Ikulu, mezani pake, Booker T. Washington, mwalimu mweusi aliyezaliwa mtumwa, na wazungu wa kusini wakamtukana kwa hilo. Hiyo ilipiga shabaha. Lakini karamu hiyo hakuirudia. Alipohutubia Nairobi mwaka 1909 aliwasifia walowezi nyanda za juu kuwa ni nchi ya mzungu, ilhali wenyewe wenye nchi ndio waliokuwa wakibeba hema lake. Alipofika Cairo tarehe 28 Machi, 1910, alitoa methali ya Kiarabu juu ya subira katika chuo kikuu, akiwaambia Wamisri kwamba hawajawa tayari kujitawala, wazalendo wakachukizwa. Na London, Mei mwaka huo, aliwahimiza Waingereza waitawale Misri kwa mkono imara au waondoke.

Yatazameni matundu haya, wasomaji wangu. Brownsville, Nairobi, Cairo, London. Hayakutawanyika. Yamekusanyika pamoja, yote upande mmoja, upande wa mtu mweusi na mtu wa mashariki. Kwa kanuni ile ile aliyoijua yeye, mkono haukutetemeka. Roosevelt hakuwa mtu wa kutetemeka. Kilengeo ndicho kilichopotoka, naye alizaliwa nacho katika zama zake, akakiona kimenyooka kwa sababu kila rafiki aliyekuwa kando yake alikuwa na kama hicho. Bunduki aliirudisha New Haven. Hukumu yake hakuirudisha popote.

MIWANI MFUKONI

Yaliyobaki ni mafupi. Mwaka 1912 aligombea tena urais. Tarehe 14 Oktoba, mjini Milwaukee, mtu mmoja alimpiga risasi kifuani. Risasi hiyo ilipita kwanza katika kurasa 50 za hotuba iliyokunjwa mfukoni na katika kibweta cha chuma cha miwani yake, ikapungua nguvu. Akahutubia huku damu inatoka, ndipo akaenda hospitali. Udhaifu wa macho uliomhuzunisha utotoni ndio uliomwokoa ukubwani. Kura zilimshinda. Alikwenda Brazil kuufuata mto usiojulikana, akarudi na homa isiyomwacha tena. Mwanawe mdogo, Quentin, rubani, aliuawa vitani Ufaransa Julai 1918. Roosevelt mwenyewe alifariki usingizini tarehe 6 Januari, 1919, nyumbani kwake karibu na New York, akiwa na miaka 60.

Wengine ndio waliokuja kugonga chuma kikarudi mahali pake. Mwaka 1972 jeshi la Marekani lilichunguza upya habari za Brownsville, likawasafisha askari wale 167 na kuwarudishia heshima. Karibu wote walikuwa wamekwisha kufa. Mmoja aliyekuwa hai, Dorsie Willis, mzee aliyeishi kwa kung'arisha viatu vya watu, alilipwa dola 25,000 kwa miaka 66 ya aibu isiyo yake. Na Januari 2022, sanamu ya Roosevelt iliyokuwa mbele ya jumba la makumbusho la New York tangu 1940 iliondolewa. Ilimwonyesha yeye juu ya farasi, na kandoni mwake, kwa miguu, Mwafrika mmoja na mwenyeji mmoja wa asili wa Amerika. Mwafrika yule hakuwa na jina.

Lakini sisi tunayajua majina: Ali, Muhamed, Bakari, Juma Yohari, Kassitura, Kongoni. Roosevelt mwenyewe ndiye aliyetuandikia, na haki hiyo tusimnyime. Na msomaji anayemlaumu na ajikague naye, kila mtu na kilengeo chake: katika hukumu zako juu ya jirani, juu ya mtu wa bara, juu ya mke au mtumishi wako, je, makosa yako yametawanyika, au yote yameanguka upande mmoja? Yakiwa upande mmoja, usijilaumu mkono. Tafuta kipande cha shaba na nyundo ndogo, ukagonge taratibu.